Mpiga Picha Mmoja

Alirudi ofisini kwa kazi ya dakika tano.

Ndivyo alivyomwambia mama yake kwenye simu huku akipanda ngazi, na ndivyo alivyomwambia mlinzi pale kwenye geti la korido, ingawa mlinzi hakuitikia. Alikuwa amekodolea macho redio yake ndogo kana kwamba ina picha. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika chache. Jua lilikuwa linateremka nyuma ya matangi ya maji ya jengo la pili, na korido ya ghorofa ya tatu ilikuwa imepata rangi ya chai iliyosahauliwa mezani. Ilinuka dawa ya kudekia. Viatu vyake viligonga sakafu kwa, kwa, kwa, kama karani anayegonga mihuri.

Kazini walimwita Usicheke. Jina lake halisi lilikaa kwenye faili, na faili lilikaa kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulipotea. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akipiga picha za vitambulisho, na kila siku alisema maneno yale yale: kaa wima, tazama hapa, masikio yote mawili yaonekane, usicheke. Serikali haimtambui mtu anayecheka. Hata alipohamishiwa ofisi hii mwezi uliopita, jina lilifika kabla ya barua ya uhamisho.

Sasa, kilichomrudisha ni hiki. Kila baada ya miaka miwili, wastaafu wote walitakiwa kufika wenyewe, na miili yao, wapigwe picha ili idara ijiridhishe kwamba bado wanaishi. Zoezi liliitwa Uhakiki wa Uhai. Siku ya mwisho ilikuwa leo, na mwisho wa leo ulikuwa saa moja kamili jioni. Ambaye picha yake haijathibitishwa saa hiyo, mfumo humhesabu marehemu, na kadi yake ya matibabu hufungwa kesho yake asubuhi. Katika uhakiki uliopita, mwalimu mmoja mstaafu aliyefariki kwa namna hiyo alikuja kulalamika. Alikaa kwenye benchi, akakohoa, akaomba maji. Karani alimsikiliza kwa huruma kubwa, akamwambia alete barua ya daktari inayothibitisha kwamba hakufa. Daktari naye akakataa kumpima, kwa kuwa kadi yake imefungwa.

Mama yake Usicheke alikuwa muuguzi mstaafu, mgonjwa wa sukari, mtu wa sindano mbili kwa siku. Sindano zilitoka kwa kadi. Na saa kumi na moja jioni, Usicheke akiwa tayari njiani kwenda nyumbani, simu yake ilitoa mlio: *Picha ya mhusika haijathibitishwa. Uso hauonekani.*

Mhusika alikuwa mama.

"Dakika tano tu," alijisemea, akawasha taa.

Taa ilipepesa mara mbili kabla ya kukubali. Chumba kilikuwa kile kile: kompyuta mezani imetazama ukuta wa dirisha, kamera juu ya miguu yake mitatu, na upande wa pili stuli ya mbao, na nyuma ya stuli kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia sweta la kijivu lililonuka nondo na unyevu. Sweta hilo lilikuwa la mpiga picha aliyemtangulia, aliyeitwa Kidevu, kwa sababu kila mteja alimwambia "kidevu juu". Aliomba likizo ya siku kumi na nne, akaondoka, hakurudi. Ukiwauliza wenzake alifananaje, walianza vizuri: mrefu kiasi... mweusi kiasi... kisha wanakwama, wanatazama dari, wanakuuliza kama umekunywa chai.

Kwa hiyo Usicheke alikabidhiwa ofisi na mtu asiyekuwepo. Karani alimletea fomu ya makabidhiano imeshapigwa chapa: kamera 1, kompyuta 1, stuli 1, kitambaa cheupe 1, mpiga picha 1.

"Huyu mpiga picha mmoja ni mimi au ni yeye?" aliuliza siku ile.

"Dada, saini tu. Idadi isipotimia mkaguzi ananirudia mimi."

Akacheka, akasaini.

Kamera yenyewe ilikuwa kioja. Kamera ya kawaida, lazima uchague kwanza unachotaka kionekane vizuri, ndipo ubonyeze. Hii ilikuwa inameza kila kitu, cha karibu na cha mbali, halafu wewe ukae kwenye kompyuta baadaye uburute nukta kwenye mstari na kuchagua: pua iwe kali na masikio yawe ukungu, au ukuta uwe mkali na mtu mzima awe ukungu. Watu walikuwa wamelalamika kwamba picha za vitambulisho hazionekani. Kamati ya manunuzi ilikaa vikao vitatu, ikaamua kwamba kuliko kutafuta mpiga picha anayeona, inunuliwe kamera isiyomhitaji aone. Iliwasili bila kitabu cha maelezo. Kila jioni saa moja mfumo ulizifunga picha zote za siku hiyo, na iliyofungwa haiguswi tena, iwe nzuri iwe mbaya.

Wiki ya kwanza aliichezea pamoja na tarishi, mzee mwembamba aliyebeba mafaili ghorofa hadi ghorofa na utani mdomoni. Alimpiga picha, akaburuta nukta, akakifanya kifungo cha shati lake kiwe kikali kama sarafu mpya na uso wake moshi.

"Acha hivyo hivyo, dada," mzee alisema. "Kifungo ndicho kizuri kwangu."

Naye mzee akampiga yeye. Nyuma yake ukutani wakati huo palikuwa na kalenda, na Usicheke aliburuta nukta mpaka maandishi madogo kabisa ya kalenda yakasomeka, jina la kiwanda cha uchapaji na namba ya simu, huku yeye mwenyewe amebaki doa la rangi ya kahawia. Walicheka mpaka mkuu wa idara akagonga ukuta. Picha zikafungwa saa moja. Hawakuwaza tena.

Ila tangu hapo mzee alikuwa akilalamika. "Siku hizi watu hawanioni, dada. Nasimama na faili mbele ya mtu, anauliza tarishi yuko wapi."

"Hiyo ndiyo kazi ya serikali, mzee wangu. Ukionekana utaongezewa kazi."

Na siku mbili hizi hata yeye hakuwa amemwona mzee. Alidhani ametumwa mbali.

Akafungua picha ya mama.

Mama alikuwa moshi. Koti la bluu, kitambaa cha kichwa, na pale uso unapopaswa kuwa, kitu kama mvuke wa sufuria. Nyuma yake kitambaa cheupe kilikuwa kikali, kila uzi wake unahesabika. Usicheke alikuwa na hakika kwamba aliiacha nukta kwenye uso. Alikumbuka kila kitu, maana mama hakukaa kimya hata sekunde.

"Tazama hapa, mama. Usicheke."

"Nicheke nini? Nimekaa foleni saa tatu kuthibitisha kwamba sijafa, na kwenye benchi lile ndipo nilipokaribia kufa."

"Masikio yaonekane."

"Nimekuzaa kwa saa kumi na nane, leo unadai masikio." Kisha mama alikuwa amemkazia macho. Tangu atolewe mtoto wa jicho mwaka jana, mama aliona kila kitu, na alichokiona alikisema. "Wewe unakula kweli? Naona kama umefifia."

"Ni taa, mama."

"Na hapa nyuma kuna baridi. Kama mtu ananipumulia shingoni."

"Ni feni."

Hapakuwa na feni. Feni iliondolewa mwaka juzi kwenda kutengenezwa.

Alishika kipanya, akaiburuta nukta. Mstari ulikuwa na alama za umbali: mita moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Stuli ilikuwa mita moja na nusu kutoka kwenye kamera. Ukuta ulikuwa mita mbili na nusu. Alama zilizobaki aliziona siku zote kuwa majivuno ya kiwandani. Mkono wake ulikuwa na haraka, nao ukapitiliza. Tatu. Nne. Tano.

Picha ikawa kali.

Akadhani amefungua picha nyingine. Mama alikuwa bado pale mbele, moshi mtupu. Lakini nyuma yake kitambaa kilikuwa kimeyeyuka kama pazia mbele ya taa, na ukuta umeyeyuka pia, na nyuma ya ukuta palikuwa na chumba.

Kirefu. Kitupu. Kuta za rangi ya kijivu.

Stuli zimepangwa safu, kama foleni.

Na watu wameketi. Wima. Mikono mapajani. Masikio yote mawili yanaonekana.

Videvu juu.

Usicheke aliangalia kitambaa chenyewe, kile cha kweli, hatua chache kutoka alipokaa. Kilikuwa kimetulia. Nyuma yake ukuta, na nyuma ya ukuta hewa, ghorofa tatu za hewa mpaka kwenye maegesho ya magari. Alilijua hilo. Alikuwa ameegemea dirisha la koridoni la upande ule mara nyingi akila chapati.

Akarudisha macho kwenye kompyuta. Mtu wa kwanza kwenye safu alikuwa mzee mwembamba mwenye faili mapajani. Kifungo cha shati lake kiling'aa kama sarafu mpya.

"Mzee wangu..." alinong'ona.

Alichukua simu, akampigia tarishi. Aliona ndilo jambo la busara. Mzee angepokea, angemtania, angekuwa kwake anavua viatu. Simu iliita sikioni mwake. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

Na ikasikika ikiita chumbani.

Mlio ule wa simu ya mzee, wa kengele ya baiskeli. Mdogo. Umefunikwa.

Nyuma ya kitambaa.

Ukakatika. Mtu alikuwa amepokea.

"Haloo?" Sauti ya mzee ilikuwa kavu, kama ya mtu aliyenyamaza siku mbili. "Nani huyo? Dada, ni wewe? Hebu mwambie mlinzi... nani amezima taa huku?"

Simu ikafa.

Hakumbuki aliinukaje. Alijikuta koridoni, anakimbilia geti, na geti lilikuwa linafungwa. Mlinzi alikuwa anazungusha mnyororo polepole, kama mtu aliyemaliza siku.

"Ngoja! Kaka, ngoja, bado nipo!"

Mlinzi akasimama. Akainua kichwa. Kati yao palikuwa na vyuma vya geti tu na hatua mbili za sakafu. Usicheke alishika vyuma, akavitikisa. Mlinzi alimtazama usoni moja kwa moja, macho yake yakapita, yakaenda kwenye mlango ulio nyuma yake, yakarudi.

"Nani hapo?" aliuliza kwa upole.

"Mimi! Usicheke! Si umeniona naingia!"

"Upepo," mlinzi alijijibu. Akafunga kufuli, akalivuta kulijaribu, akateremka ngazi akipiga mluzi wimbo wa redioni.

Usicheke alibaki ameshika chuma. Baridi ya chuma aliisikia. Mapigo ya moyo aliyasikia. Basi alikuwepo. Mtu asiyekuwepo hasikii chuma... Ndipo mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani, moja baada ya jingine. Mhudumu wa chai aliyeruka kikombe chake wiki nzima. Watu wa foleni waliochungulia chumbani, yeye amekaa pale, wakauliza mpiga picha anakuja saa ngapi. Mlinzi ambaye hakuitikia salamu. Naona kama umefifia.

Alirudi chumbani, akafunga mlango, akaitafuta picha yake ya wiki tatu zilizopita. Ilikuwepo. *Imefungwa*, mfumo uliandika kwa wino mwekundu. Kalenda kali. Namba ya simu ya kiwanda inasomeka.

Na mbele ya kalenda hapakuwa hata na moshi tena. Palikuwa na stuli.

Saa ya ukutani: saa moja kasoro dakika kumi na nane.

Mama.

Lilikuwa wazo moja, nalo lilifukuza mengine yote. Picha ya mama haijafungwa. Itafungwa saa moja. Ikifungwa hivi, mama ni moshi, na haitakuwa suala la kadi tena wala la sindano. Alifungua picha, akaburuta nukta kwa vidole viwili kama anayeshika chungu cha moto. Tano. Nne. Akipita mita nne, alimwona mtu amesimama kati ya safu za stuli. Ndiye pekee aliyesimama. Sweta la kijivu.

Tatu. Mtu alikuwa amesogea. Sasa yuko mita tatu.

Mbili na nusu. Yuko pale ukuta unapopaswa kuwa, amepenyeza mkono mmoja upande huu wa kitambaa.

Usicheke aliacha nukta, akageuka. Kitambaa cha kweli kilikuwa kimetulia. Lakini msumari nyuma ya mlango ulikuwa mtupu.

Harufu ya nondo haikuwa imeondoka. Ilikuwa imeongezeka.

Moja na nusu.

Uso wa mama ukatokea, mkali, mpendwa, na ile hasira yake ya foleni kwenye kona ya mdomo. Na begani kwa mama, shavu karibu kugusa shavu, uso mwingine, mkali vile vile. Mwanamume wa makamo. Mrefu kiasi. Mweusi kiasi. Alikuwa anatazama moja kwa moja kwenye kamera, kidevu juu.

Mfumo ukatoa mlio: *Nyuso mbili. Mhusika awe peke yake.*

Akaiburuta nukta mbele kidogo: wote wawili wakafifia. Nyuma kidogo: wote wawili wakafifia. Akajaribu mara kumi, mara ishirini, nywele moja moja. Kamera ile ilijua umbali, basi. Waliosimama umbali mmoja ilikuwa haiwezi kuwatenganisha, na yule bwana, aliyekaa kazini na kamera hiyo kabla yake, alilijua hilo kuliko yeye. Popote alipoweka ukali, alikuja. Alikuwa ameufuata ukali mita baada ya mita, mpaka kwenye bega la mama, na pale akasimama, akatulia, kama mtu aliyeshika namba yake mkononi.

Saa moja kasoro dakika tisa.

Simu ikaita. Mama.

"Haloo? Picha imetoka?"

"Bado kidogo, mama."

"Haloo? ... Unasikika kama uko kwenye pipa. Sikiliza, hapa kwangu kuna baridi ya ajabu. Nimefunga madirisha, nimevaa koti. Na taa hizi sijui zina nini, naona mikono yangu kama... Haloo?"

"Kaa hapo hapo, mama. Usiende popote. Kaa tu."

"Niende wapi na magoti haya?"

Ikakatika.

Mtu ambaye amefanya kazi serikalini miaka kumi na moja hupata akili ya namna fulani. Hajui kuvunja mlango, lakini anajua kwamba mtu akisimama dirisha lisilo lake, hafukuzwi. Anaonyeshwa dirisha jingine. Usicheke alitazama stuli tupu. Alitazama kamera. Yule bwana anafuata ukali. Basi apewe ukali wake, peke yake, kwenye picha yake.

Alielewa pia maana yake. Kinachofanywa kikali hubaki huku. Geti limefungwa, mlinzi amekwenda, na chumba ni hatua sita kwa tano.

Saa moja kasoro dakika sita.

Alisimama nyuma ya kamera. Stuli ilikuwa tupu. Kwa mazoea tu, kwa ulimi uliozoea, alisema:

"Tazama hapa. Usicheke."

Akabonyeza. Fleshi ikapasua chumba kuwa cheupe, na katika weupe ule alihisi, hakuona, alihisi kichwa kikiinuka.

Akaikimbilia kompyuta. Akafungua picha mpya: stuli tupu, ukungu mtupu. Nukta kwenye mita moja na nusu. Uso ukaja taratibu, kama doa la mafuta linavyokuja juu ya karatasi. Sweta. Mikono mapajani. Masikio yote mawili.

Akabonyeza *Hifadhi*.

Akafungua ya mama. Mama alikuwa peke yake. Bega tupu. Uso mkali hadi kwenye kope. Akabonyeza, na mfumo ukafikiri. Ukazungusha kile kiduara chake. Ukazungusha... Dakika tatu. Dakika mbili. Ukaandika kwamba mtandao una tatizo, tafadhali subiri. Usicheke alisikia kicheko kikimpanda kooni, akakimeza.

Dakika moja.

*Mhusika yuko hai.*

Printa ikakohoa, ikatoa karatasi ndogo. Saa moja kamili. Picha zote zikafungwa.

Nyuma yake, stuli ikalia kwa uzito wa mtu.

Hakugeuka. Aliitazama karatasi mkononi mwake, akaisoma yote, hata namba ya fomu.

"Asante, dada," sauti ilinong'ona. Ilikuwa sauti ya adabu, ya mtu wa dirishani. "Nilidhani mtanisahau humu."

"Wewe ndiye Kidevu."

"Huku nje ndilo jina langu, ndiyo." Alikuwa anainuka na kujinyoosha, mifupa inalia mmoja mmoja. "Usimwogope kamera. Hapotezi mtu. Anamweka tu kwenye umbali wake."

"Mama yangu ulikuwa unamtaka nini?"

"Mama yako? Sina neno naye. Alikuwa njiani." Akajipangusa sweta. "Nilihitaji mtu wa kuniita kwenye stuli. Nafasi yenyewe ilikuwa wazi tangu ulipouweka ukali kwenye kalenda badala ya uso wako. Chumba hiki kina mpiga picha mmoja. Umesaini."

"Sikusoma."

"Hata mimi sikusoma," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa na huzuni. "Nani anasoma?"

Ndipo alipogeuka. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: kila mkunjo wa shingo, kila uzi wa sweta, mkali kupita kiasi, kiasi kwamba chumba kizima pembeni yake kilionekana kimechakaa. Usicheke akakaa kwenye stuli iliyokuwa bado na joto... hapana, haikuwa na joto. Ilikuwa baridi kama geti.

"Nipige," alisema. "Nipige picha sasa hivi, uniweke kwenye uso. Bonyeza mara moja tu. Tafadhali, kaka yangu."

Kidevu aliiangalia kamera. Aliiangalia saa. Akaifunika lenzi kwa kifuniko chake, polepole, kama anayemfunika mtoto shuka.

"Saa za kazi zimekwisha," alisema. "Njoo kesho saa mbili. Uje na kitambulisho. Na mzee wako wa mafaili, naye aje na chake."

Alipiga hodi kwenye geti mara moja tu, na mlinzi akapanda ngazi mbio. "Ah, mkuu! Bado uko ndani? Samahani sana, sikukuona."

"Nilikuwa namalizia."

Mnyororo ukafunguliwa. Usicheke alipenya kati yao, begani kwa mlinzi kabisa, na mlinzi akajikuna bega.

Njiani hakuna aliyempisha. Alifika kwa mama nguo zimeloa jasho na karatasi ameishika kwa mikono miwili. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Mama alikuwa mezani, koti la bluu limevuliwa, sindano ya jioni imeshawekwa tayari kwenye kisahani, na taa ya meza inamwangaza kila kope. Usicheke aliiweka karatasi mbele yake.

Mama aliichukua. Aliisogeza kwenye taa, akaisoma kwa sauti, na sauti haikukwama popote, hata chini kabisa kwenye yale maandishi ambayo idara huyachapa madogo kwa makusudi. "Mhusika yuko hai. Haya, nimeshukuru kuambiwa. 'Karatasi hii si mali ya mhusika na itarejeshwa itakapohitajika.' Mpiga picha..." Akaikodolea macho. "Mpiga picha, hawajaandika mtu."

"Mama."

Mama akainua kichwa haraka, kama aliyesikia kitu jikoni. Akatazama mlangoni. Akatazama dirishani.

"Mwanangu? Umeshafika?"

"Nipo hapa, mama."

"Mbona umesimama huko mbali? Sogea karibu, sikuoni vizuri."

Alikuwa amesimama urefu wa mkono. Akasogea.

"Sogea basi."

Akavuta kiti, akaketi, magoti yake yakagusa magoti ya mama. Aliyasikia, magoti yale magumu yenye joto. Mama alinyoosha mkono mbele, taratibu, vidole vimefunguka, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye chumba asichokijua.

"Bado uko mbali, mwanangu," mama alinong'ona. "Sogea."